SOMO: Kutengeneza Shanga za Kioo kwa Anayeishi na Maumivu Sugu

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Wanaoyafahamu vyema ni wale wanaofika zahanati na mgongo usiokubali kuinama, viungo vilivyovimba kwa baridi yabisi, au mwili unaosumbuliwa na selimundu. Dawa huyapunguza, mara nyingi haziyamalizi. Aidha, maumivu hayo hayachukui usingizi pekee. Mtu aliyezoea jembe, cherehani au kusuka ukili huacha kimoja baada ya kingine, hadi siku jirani anapomuuliza anafanya nini siku hizi, naye akakosa la kujibu. Hasara hiyo haiandikwi kwenye kadi ya kliniki.

Somo hili linahusu kazi ya mikono ya kujifurahisha inayoweza kumrudishia mtu jibu hilo, nayo ni kutengeneza shanga za kioo. Kutengeneza, si kutunga. Kwa karne nyingi wakazi wa Afrika Mashariki wametunga na kuvaa shanga zilizotoka mbali: India, Venice na, hadi leo, Jamhuri ya Czech. Lakini barani humu wapo wanaozitengeneza wenyewe. Wakrobo wa Ghana wana njia isiyohitaji mtungi wa gesi. Inahitaji chupa tupu, udongo, tanuri na muhogo.

Ndiyo, muhogo. Chupa huoshwa, huvunjwa, hutwangwa katika kinu cha chuma na kuchekechwa hadi ziwe unga. Kalibu ya udongo yenye vishimo vidogo hupakwa ndani udongo mweupe wa kaolini, wa aina ile ipatikanayo vilima vya Pugu, ili kioo kisigande. Katikati ya kila kishimo husimamishwa kipande cha kikonyo cha jani la muhogo, kisha unga humiminwa kukizunguka, tabaka juu ya tabaka, rangi juu ya rangi. Kalibu huingizwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi kati ya 650 na 850 za Sentigredi. Unga hushikamana, kikonyo huungua na kuacha tundu la kupitishia uzi. Kalibu ikipoa, shanga hutolewa na kusuguliwa juu ya jiwe kwa mchanga na maji.

Kwa mwenye maumivu, faida kubwa ya kazi hii ni kwamba inasimama yenyewe. Kioo kilichotoka motoni hakiharakishwi. Kikipozwa ghafla hupasuka. Hakuna awezaye kumlaumu fundi kwa kulala wakati kalibu inapoa. Vilevile, hatua ya kujaza unga hufanywa kwa kukaa, na inaweza kuachwa saa 4 asubuhi ikaendelezwa kesho kutwa bila kitu kuharibika. Unga wa kioo hauchachi.

Kosa linalowaangusha wengi hutokea siku njema. Mtu huamka hana maumivu, akaamua kufidia wiki nzima, akafanya kazi mpaka jioni. Siku tatu zinazofuata hatoki kitandani. Wataalamu wa utengamao hushauri kazi ipimwe kwa saa, wala si kwa maumivu. Ikiwa siku mbaya mtu anaweza kukaa dakika 20 bila kujiumiza zaidi, na aanze na 15, asimame, ajinyooshe, apumzike. Siku njema nazo ni dakika 15 zilezile. Kuongeza hufanywa polepole, baada ya wiki kadhaa za utulivu. Ni sharti gumu, hasa kwa waliolelewa kuamini kwamba kazi haiachwi njiani.

Kutwanga ndiyo hatua mbaya zaidi kwa kiganja na mgongo; heri apewe mwenye nguvu. Chupa zilowanishwe ili vumbi lisipae, na anayetwanga na kuchekecha avae barakoa na miwani. Meza iwe usawa wa kiwiko. Mpini wa kijiko uzungushiwe kitambaa au kipande cha mpira, kwa kuwa vidole vyenye baridi yabisi hushika kinene kwa urahisi kuliko chembamba. Tanurini asiende peke yake, na asiende kabisa aliyekunywa dawa inayoleta usingizi, kama tramadoli au amitriptilini, wala mwenye vidole vilivyokufa ganzi kwa kisukari au ukoma: ataungua kabla hajajua. Maumivu mapya yanayoambatana na homa, kukonda, miguu kuishiwa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo hayangoji kalibu ipoe. Mgonjwa afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Yapo pia maswali ya kipato. Vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na afisa maendeleo ya jamii wa kata hueleza taratibu. Hata hivyo, agizo la shanga 500 za Ijumaa huondoa kile kilichoifanya kazi hii ifae, yaani uhuru wa kusimama saa inapofika. Anayetaka kuuza na auze zile zilizokwisha kupoa, zilizomo tayari kwenye kopo.