Picha Hii Imetoka Wapi?

Nimezoea kuhesabu vidole nikitumiwa picha inayotia shaka. Bado inasaidia?

Ilisaidia sana mwaka 2023. Ile picha ya Papa Francis akiwa na koti jeupe la baridi, iliyotengenezwa kwa programu ya akili mnemba iitwayo Midjourney, ilijisema yenyewe: mnyororo wa msalaba ulikuwa na upande mmoja tu, na vidole vilikamata hewa badala ya kikombe. Programu za leo zimeshajifunza vidole. Kagua, lakini ukikuta mkono mzima usiseme picha ni ya kweli.

Basi nianzie wapi?

Anza na ilikotoka. Mei 22, 2023 ilisambaa picha ya moshi mzito karibu na Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani, na bei za hisa zikayumba kwa dakika chache. Kikosi cha zimamoto cha Arlington kikatangaza kwamba hapakuwa na mlipuko wowote. Uzio uliokuwa pichani ulikuwa umeyeyukia kwenye vizuizi vya umati, ila hata bila kuuona huo mtu angeweza kujiuliza: ni mchana kweupe, eneo limejaa watu wenye simu, mbona picha ni moja? Tukio kubwa hupigwa na wengi, kila mmoja kwa upande wake. Swali hili nalithamini kuliko mbinu nyingine zote.

Kisha ipakie kwenye Google Lens au TinEye, utafute ilionekana lini kwa mara ya kwanza. Mara nyingi utakuta akili mnemba haihusiki kabisa: ni mafuriko ya kweli, ya nchi nyingine, ya miaka iliyopita, yamebandikwa maelezo ya jana.

Je, programu za kutambua picha feki?

Zisikuamulie. Picha ikishapita WhatsApp huwa imebanwa na kumbukumbu za kamera zimefutika. Alama fiche ya SynthID ya Google ikipatikana, huo ni ushahidi mzuri. Isipopatikana, haijathibitisha lolote, maana picha nyingi hutengenezwa kwa programu zisizoiweka.

Na picha ya kweli ikiitwa feki?

Hapo ndipo penye hofu yangu kubwa. Agosti 2024 Donald Trump alidai kwamba umati uliompokea mpinzani wake wa urais, Kamala Harris, uwanja wa ndege wa Detroit ulitengenezwa kwa akili mnemba. Watu walikuwepo kwa maelfu, na video za waandishi na za wahudhuriaji wenyewe ziliwaonyesha kutoka kila pembe. Kwa hiyo kiongozi akikwambia picha ya askari akimpiga raia ni ya kutengenezwa, naye mdai ushahidi. Tafuta nani mwingine alikuwepo, alirekodi nini, na kama ukuta, kibao cha duka na kivuli cha saa ile vinalingana na mtaa unaotajwa.