Mishipa ya Mkononi Haihitaji Krimu

Wadogo zangu wa Msalato, leo tuzungumze mikono. Naulizwa sana: "Dada, mbona mishipa imenitokeza kama mwanaume? Nipake nini?" Usipake kitu.

Hiyo unayoiona ni vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, na mingine imepita juu juu tu chini ya ngozi. Ukiwa mwembamba, hakuna mafuta ya kuifunika. Ukibeba ndoo ya lita 20, misuli inakaza na kuisukuma juu. Joto nalo huitanua ili mwili upoe. Watazame wachoma nyama pale mnadani Jumamosi, mikono imejaa mishipa hadi kwenye kiwiko, na wazima wa afya. Wengine mmerithi tu. Mjamzito damu humwongezeka, hata kukaribia nusu ya ile ya kawaida, kwa hiyo asishtuke.

Jaribu sasa hivi. Ning'iniza mkono dakika moja, mishipa itajaa. Unyanyue juu ya kichwa, itanywea. Au bonyeza mshipa mmoja karibu na vidole, kisha kwa kidole kingine sukuma damu kuelekea kiwiko. Kipande kile kitalala bapa, maana ndani mna vali zinazozuia damu kurudi nyuma. Achia kidole cha kwanza, kitajaa tena. Daktari Mwingereza William Harvey alionyesha jaribio la namna hii kwenye kitabu chake cha mwaka 1628.

Na ule ubluu? Damu ya bluu hamna. Aliyewahi kutolewa damu maabara ameiona: nyekundu iliyokolea. Ni mwanga tu. Ule mwekundu huzama na kumezwa, wa bluu hurudi zaidi machoni. Kwa mwenye ngozi nyeupe huonekana zaidi.

Mguuni ni habari nyingine. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda damu imeganda ndani.

Sasa tugombane kidogo. Kuna mishipa ambayo hukuzaliwa nayo: ile myekundu myembamba mashavuni, inayojitokeza baada ya miezi ya mkorogo. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini kinachochubua ngozi hadi mishipa ikachungulia mara nyingi ni steroidi. Hiyo ni dawa halali ya ugonjwa wa ngozi, kwa muda na kwa maelekezo. Ukiifanya losheni ya kila siku, ngozi inakonda, na jua letu la Dodoma halina huruma. Shoga yako atakwambia unang'aa. Mimi nakwambia unachunika.

Soma tyubu yako leo. Ukikuta clobetasol au betamethasone na umeshapaka kwa miezi, usiitupe kimyakimya, maana ukiacha ghafla uso unaweza kuwaka na kuvimba. Ibebe hivyo hivyo umpelekee daktari wa ngozi, akupangie namna ya kuacha.