Mama Anapokosa Mapenzi kwa Mtoto Wake: Maswali na Majibu

Je, kila mama humpenda mtoto mara tu anapojifungua?

Hapana. Wapo wanaojawa na mapenzi papo hapo, na wapo wanaomtazama kichanga kama mtoto wa mwenzao. Hawa wa pili ni wengi kuliko wanavyodhaniwa, ila aibu huwafunga midomo. Kwao mapenzi huja taratibu, kwa wiki au hata miezi, kadiri mama na mtoto wanavyozoeana. Kuchelewa huko si dhambi wala si dalili ya roho mbaya.

Kuchelewa huko husababishwa na nini?

Mara nyingi ni mwili uliochoka: uchungu wa muda mrefu, upasuaji, kutokwa damu nyingi, vidonda vya chuchu, kukesha. Homoni nazo hushuka ghafla baada ya kujifungua, na mzazi hujikuta akilia bila kujua analilia nini. Hali hiyo kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Mimba isiyotarajiwa, ukata, kipigo, au msiba wa mtoto aliyetangulia huuzidishia moyo uzito.

Mapenzi hayo hujengwaje?

Kwa matunzo ya kila siku, hata kabla moyo haujafunguka. Mtoto akilazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mwili wa mama hutoa oksitosini, homoni inayotuliza na kusaidia maziwa kutoka. Kichanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani pale ulipo uso wa anayemnyonyesha, na sauti ya mama ameizoea tangu tumboni. Kwa hiyo kumsemesha si kazi bure. Kwa watoto njiti yapo matunzo ya kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, yaliyoanzishwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipopungukiwa na mashine za joto. Mama anayetumia maziwa ya kopo hapungukiwi kitu hapa. Naye amkumbatie na kumtazama anapomlisha.

Ndugu wasaidieje?

Siku arobaini za uzazi ni hazina zikitumika vizuri. Kosa ni bibi na mashangazi kumbeba mtoto kutwa, mama akabaki mtazamaji. Wapike, wafue, wachote maji. Mtoto akishanyonya wampokee ili mama alale, kisha wamrudishe. Wasimwulize kamwe, “Mama gani wewe?”

Ni wakati gani wa kwenda hospitali?

Huzuni, woga au kutomjali mtoto kukizidi wiki mbili, huenda ni sonona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Inatibika kwa ushauri nasaha au dawa, na zipo dawa ambazo daktari anaweza kumpa mama anayenyonyesha. Mama anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.