Iktisadi ya Jiko na Vitu Vitamu vya Nyumbani

Katika miji ya pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hata Tanga, Unguja na Kilwa, ni nadra mtu kupita mtaani wakati wa alasiri asikutane na mtoto aliyepewa sarafu na mzazi wake akanunue kashata, ubuyu, bajia au barafu ya ukwaju. Na jambo hilo halina aibu, kwani ladha ni sehemu ya maisha, na nyumba isiyo na kitu kitamu hata siku moja huwafundisha watoto kukitamani cha jirani. Kijitabu hiki, basi, hakikukusudiwa kumharimishia mtu yeyote utamu. Kimekusudiwa watu wa nyumba wenye pato la wastani au pungufu ya hapo, ambao wamekwisha kuambiwa mara nyingi wapunguze matumizi, na wala hawakuelezwa wayapunguze wapi.

Rai yetu ni kwamba gharama ya kitu kitamu kipikwacho nyumbani haikai sana katika unga wala mchele wake. Hukaa katika moto, katika mafuta, na katika desturi ya kununua kidogo kidogo. Anayeyajua haya matatu aweza kuwafurahisha watoto wake kila wiki kwa fedha zile zile ambazo mwenziwe huzimaliza kwa siku mbili.

Tuanze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo lililojificha zaidi. Mkaa unaonunuliwa kwa kopo kila magharibi, mafuta ya kupimiwa na sukari ya kufungiwa katika karatasi huonekana rahisi kwa sababu kila mara hutoka fedha ndogo, lakini mwenye duka naye ana faida yake katika kila kopo na kila karatasi, na faida hiyo hulipwa na yule yule aliye na uwezo mdogo zaidi. Hatusemi kila mtu anunue gunia zima, maana anayepata ujira wake kwa siku hana pa kulitoa. Tunasema kwamba majirani watatu au wanne wanaoaminiana wakichanga na kununua kwa ubia, kisha wakagawana mbele ya macho ya wote kwa kipimo kimoja, watapata bei ya mwenye gunia bila ya kuwa na fedha za gunia. Kugawana mbele ya macho ya wote ni sharti wala si pambo, kwa kuwa ubia mwingi huvunjika kwa shaka kabla haujavunjika kwa hasara.

Ama moto, jiko lililotiwa udongo ndani, la namna ile iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, huhifadhi joto ambalo jiko la bati tupu hulitupa pembeni, na tofauti ya mkaa unaotumika huweza kufikia theluthi moja au zaidi. Bei yake ni kubwa kidogo, lakini hujilipa lenyewe. Kunde na maharage yakirowekwa usiku kucha huiva upesi. Na makaa yanayobaki baada ya chakula cha jioni yasizimwe kwa maji, bali yafunikwe kwa majivu au yatumiwe papo hapo kuchoma viazi vitamu, ambavyo utamu wake umo ndani yake tangu shambani na havimdai mtu sukari hata chembe.

Nazi moja

Hakuna kitu jikoni kwetu kinachofundisha iktisadi kama nazi, na sisi tunaona ajabu kwamba watu waliokua nayo huitumia nusu na kuitupa nusu. Maji yake hunywewa na watoto kabla haijafika kwenye mbuzi. Ikishakunwa na kukamuliwa katika kifumbu kwa maji kidogo ya vuguvugu, hutoa kwanza tui zito, yaani kasimile. Ikitiwa maji mara ya pili hutoa tui jepesi, ambalo linatosha kabisa kupikia wali au kuanzia mchuzi, na ile kasimile ikawekwa kwa ajili ya kitu kitamu. Machicha yakianikwa juani huliwa na kuku. Kifuu kikavu, pamoja na makumbi, huwaka kwa moto mkali wa kuwashia mkaa, na mwenye jiko hupumzika na mafuta ya taa.

Kasimile hiyo, ikichanganywa na mchele uliorowekwa usiku kucha kisha ukasagwa, pamoja na sukari, hamira na iliki, hutoa rojo moja lenye njia mbili. Njia ya kwanza ni vitumbua, ambavyo kila shimo la chuma chake hudai mafuta yake, na kila duru mpya hudai mengine. Njia ya pili ni mkate wa kumimina, ambao humiminwa wote kwa mara moja katika sufuria iliyopakwa mafuta kidogo, ukaachwa ushike chini kwa moto mdogo, kisha ukafunikwa na kupaliwa makaa juu. Mchele ni ule ule na tui ni lile lile, lakini mafuta ya mkate hayafiki robo ya mafuta ya vitumbua, na mpishi hukaa kitako badala ya kusimama akigeuza kimoja kimoja. Kwa mizani ya iktisadi, mkate wa kumimina umeshinda. Tunajua kwamba kitumbua kina ule ukingo wake mkavu ambao mkate haunao, na hatutamlaumu anayekipenda zaidi. Na afanye vitumbua siku ya Ijumaa, na siku nyingine amimine mkate.

Iliki, kwa kuwa ni ghali, isitupwe hata ganda lake. Punje zitwangwe pamoja na kijiko cha sukari, ili zisagike vizuri na zisinate katika kinu, nayo maganda yatiwe katika birika la chai.

Kashata na hesabu ya sukari

Kashata ya nazi haitaki mafuta, isipokuwa yale ya kupaka sinia, wala haitaki moto wa muda mrefu. Chemsha kikombe kimoja cha sukari kwa nusu kikombe cha maji mpaka shira ishike, yaani ukiigusa kwa vidole baada ya kuipoza katika kijiko ivutike uzi. Tia vikombe viwili vya nazi iliyokunwa pamoja na iliki, na ukoroge bila ya kuacha mpaka mchanganyiko uachane na sufuria. Mimina katika sinia, sawazisha kwa mgongo wa kijiko, na ukate kwa mshazari ingali na joto, lakini usinyanyue vipande mpaka vipoe, kwani hapo ndipo wasio na subira hupata makombo badala ya kashata.

Kikombe cha sukari kina uzito wa gramu 200 hivi. Sinia hiyo ikikatwa vipande 20, kila kipande kitakuwa na gramu 10 za sukari, sawa na vijiko viwili na nusu vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu huipata kwa chakula chake cha siku, na kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50. Kwa watoto wadogo ni pungufu. Anayekunywa chai ya vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni amekwisha kula nusu ya haki yake kabla hajaiona kashata. Huu ni mlango ambao akiba ya fedha na akiba ya afya huingilia pamoja, na wala hauna haja ya mawaidha marefu.

Kwa barafu za ukwaju, roweka ukwaju, uvuruge kwa mkono safi, uchuje, utie tangawizi na sukari kiasi. Maji yachemshwe mpaka yatokote kisha yapoe, kwa sababu ubaridi wa barafu hauui vijidudu vya kipindupindu. Bisi nazo, konzi ya mahindi na kijiko cha mafuta katika sufuria yenye kifuniko, ndizo kitafunio cha gharama ndogo kuliko vyote tulivyovitaja.

Mahali ambapo akiba haifai

Karanga za kashata zisinunuliwe kwa bei ya kutupa. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu ambayo hutoa sumukuvu, nayo ni sumu isiyoonekana kwa macho na isiyokwisha kwa kukaangwa. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 125 walifariki kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo. Punje iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye kuvu itupwe, wala asipewe kuku. Anayeichanganya na nzima kwa kusema kwamba sukari itaficha ladha yake hafanyi iktisadi. Anahamisha gharama kutoka dukani na kuipeleka hospitali.

Mafuta ya kukaangia kaimati au maandazi yaweza kuchujwa yakipoa, yakafunikwa na kutumiwa tena, lakini yakianza kutoa moshi upesi, kuwa meusi, kufanya povu au kunuka, yamekwisha.

Na tusiseme kwamba kila kipikwacho nyumbani ni rahisi kuliko cha kununua. Halua hutaka wanga, samli na sukari nyingi, tena hutaka kukorogwa kwa saa kadhaa juu ya moto usiozimika, kwa mikono yenye nguvu na ujuzi wa miaka. Na anayeipika kwa mara ya kwanza kwa ajili ya Idi aghalabu hupoteza mkaa wa wiki nzima akapata uji mzito. Wapishi wa halua wa Unguja na Pemba, kama wale wa Maskati, hupika kwa masufuria makubwa, na kuni zao hugawanyika kwa wanunuzi wengi. Basi na inunuliwe kwao, robo kilo au nusu kulingana na wageni, nayo kahawa ichemshwe nyumbani.