Ora Opt Si Saa Nane: Hesabu na Saa kwa Kiromania

Mwanachama mwenzangu, hebu nikuulize: saa tatu asubuhi kwa Kiromania ni ora trei? Ukijibu ndiyo, basi umekuwa mimi mwaka jana. Nilimwandikia mgeni wetu Mromania aje chamani ora opt, nikimaanisha saa nane mchana. Kwao saa huanza kuhesabiwa saa sita usiku, kwa hiyo mzee wa watu akafika saa mbili asubuhi! Akakaa langoni na bawabu hadi mchana, sisi tuko darasani. Aibu hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Tuanze na hesabu: unu, doi, trei, patru, cinci, șase, șapte, opt, nouă, zece. Sisi husema kumi na moja. Wao husema unsprezece, yaani moja juu ya kumi. Ishirini ni douăzeci, makumi mawili.

Upatanisho nao upo, usidhani ni mzigo wa Kiswahili peke yake. Kwetu, moja hadi tano na nane hufuata ngeli: vitabu viwili, miti minane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki (nyinyi wa "vitabu visita" mnajijua). Kwa Kiromania, katika kumi za kwanza hubadilika moja na mbili tu: doi băieți, wavulana wawili, lakini două fete, wasichana wawili. Hata kumi na mbili hugeuka, maana ndani yake mna mbili: doisprezece kwa nomino za kiume, douăsprezece kwa za kike. Ukifika ishirini lazima uweke de: douăzeci de fete.

Tarehe ni nyepesi. Kama sisi tulivyo na mosi, wao wana întâi: întâi mai, Mei mosi. Zinazofuata ni hesabu ya kawaida: cinci mai, tarehe 5 Mei.

Saa tatu na nusu ya kwao ni trei și jumătate. Na robo, trei și un sfert. Lililonifurahisha ni patru fără un sfert, "nne bila robo". Si kasorobo yetu hiyo!

Ila kwanza ongeza au toa sita. Saa tatu asubuhi ni ora nouă. Mgeni wetu nilipaswa kumwandikia ora două, si doi, kwa kuwa ora ni nomino ya kike. Na kwenye ratiba ya treni ataisoma 14, paisprezece.