SOMO LA ROBO HII: MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
Kujitolea darasani kufundisha matumizi ya fedha

Maandiko ya kusoma: Luka 14:28-30, Mithali 6:6-8



Kijana wa Usambara huanza kushika fedha mapema. Akiwa bado shuleni hufanya vibarua kwenye bustani za kabichi na karoti, na akimaliza masomo, wengi hushuka Mombo kupanda basi la Dar es Salaam. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, fedha zimezidi kusogea mkononi, na siku hizi hata mkopo huingia kwenye simu. Ndiyo maana tunawaomba washarika wenye ujuzi wajitolee saa moja kwa wiki kuwafundisha wanafunzi.

Tulivyokosea mwanzoni

Mara ya kwanza tuliingia darasani na maelezo marefu ya benki na hisa. Mwishoni binti mmoja aliuliza: ikiwa kabichi analima mama, na fedha anashika baba bila kusema ameuza kiasi gani, yeye apange bajeti ya nini? Hatukuwa na jibu. Tulirudi ofisini tukaandaa masomo upya, tukianzia na mambo ambayo mtoto anayaona nyumbani kwao.

Somo la 1: Gunia la lumbesa

Chora gunia ubaoni. Tuseme bei imepatana kwa gunia la kilo 100, lakini mnunuzi anashindilia na kushonea kilemba hadi kilo 130. Kwa magunia 10, mkulima ametoa bure kilo 300, yaani magunia matatu. Ikiwa gunia ni shilingi 40,000, amepoteza shilingi 120,000. Wanafunzi wakokotoe wenyewe. Kisha waelezwe kwamba lumbesa imekatazwa kisheria na kwamba mizani ni haki ya mkulima.

Somo la 2: Sanduku la kikoba

Mwalikeni mama mmoja wa kikoba aje na sanduku na daftari. Wanafunzi waone kufuli tatu, na waambiwe kwa nini kila ufunguo hukaa kwa mtu tofauti. Halafu wafanye hesabu yao: anayeweka shilingi 200 kwa siku tano za shule ana shilingi 1,000 kwa wiki, na kwa wiki 40 ana shilingi 40,000. Kila mwanafunzi aanze daftari lenye safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Asiye na fedha aandike mayai ya kuku wake.

Somo la 3: Mkopo na ahadi tamu

Anayekopa shilingi 50,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi hulipa riba ya shilingi 10,000 kila mwezi. Kwa miezi mitano riba peke yake imefikia shilingi 50,000, na deni lenyewe bado liko palepale. Wafundisheni kuuliza maswali mawili kabla ya kukopa: nitarudisha jumla ya shilingi ngapi? Na je, mkopeshaji ana leseni, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka?

Wakumbusheni pia habari ya DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Watu wengi walipeleka akiba zao kwa sababu lugha iliyotumika ilikuwa ya kupanda na kuvuna, lugha tunayoisikia kanisani. Sisi watu wa imani tuna wajibu wa kulisema hili waziwazi.

Mambo ya kuzingatia

Pateni kwanza kibali cha mkuu wa shule. Nendeni wawili wawili, na mwalimu awepo darasani. Msikusanye fedha za watoto, msiuze huduma yoyote, na msibague dini, kwa kuwa darasani wamo Waislamu na Wakristo. Mwisho wa muhula ombeni nafasi katika kikao cha wazazi. Swali la yule binti haliwezi kujibiwa na mtoto. Linajibiwa na baba na mama wakikaa meza moja na daftari moja.

Kwa wahisani: mahitaji yetu ni madogo, hasa madaftari, chaki na nauli za wajitoleaji wanaokwenda shule za mbali. Mungu awabariki kwa moyo wenu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni nani katika usharika wetu anayeweza kufundisha: mhasibu, mwalimu mstaafu, mama wa kikoba?
2. Je, mapato na matumizi ya usharika wetu husomwa mbele ya washarika wote?
3. Nyumbani kwetu sisi wanakamati, ni nani anayejua kabichi zimeuzwa kiasi gani?

Tukianza na swali la tatu, tutaingia darasani tukiwa na la kusema.