Kabla Hujailaumu Laptopu Yako

Muhula ukikaribia kwisha hapa Nagongera, malalamiko ya laptopu iliyochoka huwa mengi. Mwenye ripoti ya utafiti anangoja dakika nzima faili lifunguke, kisha anaanza kuulizia bei za kompyuta Tororo na Busia. Pesa anayotaka kutumia mara nyingi ni ya karo. Basi tujue kwanza kinachochelewesha ni kipi.

Prosesa hukokotoa, RAM hushika kinachotumika sasa hivi, na diski hutunza yote hata umeme ukikatika. Mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, ndio mgawaji: huamua programu ipi ipewe prosesa kwa muda gani, na ipi ipewe nafasi kwenye RAM. RAM ikijaa, mfumo huhamishia kwenye diski yale yasiyotumika kwa wakati huo, na kuyarudisha yakihitajika. Hapo ndipo taabu inapoanza.

Hebu tupige hesabu. Diski nyingi za kuzunguka zilizomo kwenye laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 11. Kichwa cha kusomea kikisogea, kisha kingoje sehemu yake ifike, kusoma mahali papya huchukua milisekunde 15 hivi. Kwa sekunde moja diski haifiki mahali 70. SSD haina kinachozunguka. Hufika popote kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana laptopu ya mwaka 2013 iliyowekewa SSD yaweza kuwaka upesi kuliko ya mwaka 2018 yenye diski ya kuzunguka.

Usikisie. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie asilimia huku ukiendelea na kazi yako. Diski ikiwa 100 na prosesa 15, prosesa mpya haitakusaidia kitu. RAM ikikaa juu ya 90, punguza kurasa za intaneti ulizofungua, au ongeza RAM. Prosesa ikijaa wakati hujafungua chochote, tazama jina la programu inayoila. Huenda ni masasisho, huenda ni kirusi kilichokuja na flashi. Na laptopu inayoanza vizuri kisha ikalegea baada ya nusu saa, huku inachoma mapaja, shida yake ni joto: prosesa hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Vumbi letu la murram huziba feni. Kuisafisha ni kazi ndogo kwa fundi.

Fundi naye aulizwe. Ukiongezewa RAM hadi GB 8 halafu akakupigia Windows ya biti 32, umelipa bure, kwa sababu mfumo huo hautumii zaidi ya GB 4. Tena RAM ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4, kwa hiyo nenda na laptopu yenyewe dukani.

Kuna la mfumo pia. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai angalau GB 4 za RAM, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi za mitumba hazifiki hapo. Kuilazimisha inawezekana, ila mimi sishauri. Kwa mashine kama hizo, Linux Mint yenye sura ya Xfce ni nyepesi na haina malipo. Hukubali hata GB 2, ingawa 4 ndiyo raha. LibreOffice itafungua faili zako za Word, lakini majedwali huweza kuhama, basi kagua ripoti ukurasa kwa ukurasa kabla ya kumpelekea msimamizi wako. Na usibadilishe diski wala mfumo kabla ya kunakili kazi zako mahali pawili, na si katika wiki ya kuwasilisha ripoti.